Mjomba wa Jukwaani Amefika Ganze

Kahindi,

Sikuanzii kwa salamu, maana salamu hungojewa jibu, na mimi kungoja jibu lako nimechoka. Nimekaa kitako dukani, pale ilipokuwa mashine ya pembeni, ile uliyoipenda kwa kuwa hakuna aliyeweza kukuchungulia kwa nyuma. Siku hizi pana friji ya soda. Saiba yetu, lile duka la mtandao, ilikufa kabla yako, wajua mwenyewe. Watu huingia kutaka kupigiwa chapa vyeti, wakishapata huenda zao.

Nina habari, na sitaki kuiandika kule jukwaani, kwenye tovuti ya mashabiki, ambako kila mtu anasoma. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Hata jina la ile bendi ya Wataliano tuliyoipenda sitalitaja humu. Ungekuwapo ungecheka, ungeniambia, "Mwanaesha, na karatasi nayo waishuku?" Naishuku. Karatasi huokotwa.

Habari yenyewe ni kwamba Mjomba amekuja. Yule Mtaliano wa jukwaani aliyejiita Zio, nasi tukaligeuza kwa Kiswahili, Mjomba. Alipanda ndege akaja hadi Kilifi, akachukua chumba hoteli moja ya Bofa. Na kabla hajaja aliniandikia kwamba anataka mambo mawili: alione kaburi lako, na amwone binti yako Sidi.

Sasa niambie wewe. Mwanamume mzee kutoka Ulaya, sura yake hatujaiona hata siku moja, anataka kumwona msichana wa shule aliyefiwa na baba. Kwenye pwani hii! Mimi nimezaliwa Malindi na kukulia Malindi. Nimewaona wazee wa namna hiyo wakija na simu za zawadi na gita za zawadi, na nimewaona wale wasichana baadaye, wakipita barabara ya hotelini wamevaa miwani ya jua na hakuna anayewauliza hali.

Tena nikakumbuka uliyoniambia wodini. Umeshakonda, pete ya ndoa umeivua kwa sababu haishiki kidoleni, mama Sidi ameshaolewa kwengine huko Kikambala na hana habari nawe. Ulinishika mkono ukasema, "Sidi nakuachia wewe, kwa sababu wewe humwamini mtu." Wauguzi walicheka. Mimi sikucheka. Niliona umenikabidhi kazi ninayoiweza.

Lakini huyu Mjomba si mtu wa kufungiwa mlango hivi hivi. Nilijua utaninung'unikia huko uliko. Ndipo nikaanza kuyarudia yote tangu mwanzo, kama mtu anayetafuta ni wapi alipoibiwa.

Kabla ya mtandao kufika Malindi, bendi tuliipenda kwa kubahatisha. Wewe ulikuwa unachoma piza hotelini, na Kiitaliano ulikipata kwa mpishi mkuu aliyekuwa akipiga kelele kutwa. Wageni wakiondoka huacha vitu vyumbani: malapa, mafuta ya jua, magazeti, kanda. Wasafisha vyumba walikuwa wakikuletea chochote chenye picha ya gita. Kanda ya kwanza ile haikuwa na jalada wala jina. Nyimbo tukazipa majina yetu wenyewe. Kulikuwa na Ule wa Kulia, na Ule wa Treni, na Ule wa Kugombana na Mke. Mwimbaji hatukuwa tukimjua sura. Wewe ulisema ni mwembamba, amekataliwa na wanawake. Mimi nikasema sauti ile ni ya mtu aliyeshiba. Tulibishana mwaka mzima na hakuna wa kutuamua. Na habari zikitufikia zimeshapoa. Tukishangilia albamu mpya, kumbe kwao wameshaichoka.

Halafu ami yangu akaleta laini ya simu dukani, akanunua mashine kuukuu, akaniweka mimi nizisimamie. Ulikuja jioni ya pili na unga bado kwenye nyusi. Tukaipata tovuti ya mashabiki, tukafungua picha, nayo ikawa inashuka polepole kutoka juu: nywele, paji la uso, macho. Ilipofika shingoni nilikuwa nimeshasimama. Alikuwa mnene, Kahindi. Mnene hasa. Wewe ulinuna, ukasema picha ni ya zamani.

Tangu siku ile kupenda bendi kukawa kitu kingine. Zamani tulikuwa na kanda na akili zetu tu. Sasa tulijua jana walipiga wapi, wimbo gani uliachwa, mpiga ngoma amemnunia nani. Ukasema dunia imekuwa ndogo. Mimi nikasema dunia imekuwa na watu wengi wasio na nyuso. Mtu anajiita Mwewe, mwingine anajiita Nambari Tisa, baba yake humjui, mji wake huujui, na kila mmoja ni mjuzi. Wewe nawe ukajiita Ganze, jina la kwenu. Wale wakadhani Ganze ni kijiji cha milimani huko kwao, nawe hukuwasahihisha, kwa kuwa hakuna aliyekuuliza. Siku zile mtu haulizwi sura.

Na wakakuheshimu! Hilo lilinichekesha kuliko yote. Kukaa saiba kulihesabiwa kwa dakika, na mshahara wako wa jikoni haukuruhusu kukaa. Basi mimi nilikuchapia kurasa za jukwaa nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, ukazichukua nyumbani ukazisoma kama gazeti. Majibu uliandika kwa mkono kwenye karatasi ya mifuko ya unga, ukarudi baada ya siku kadhaa kuyachapa kwa vidole viwili. Wenyewe walikuwa wameshatukanana wamechoka. Maneno yako yakafika yametulia, hayana hasira, yamepimwa. Kumbe kule wakasema huyu Ganze lazima ni mwalimu mstaafu, mtu mzima mwenye busara. Wakawa wakigombana wanaandika, "Tumngojeni Ganze." Nawe mpishi wa piza, hujafika hata miaka thelathini, umekaa karibu yangu unanuka kitunguu.

Mjomba alikuwa wa kwanza kutaka anwani. Yeye alikuwa akiingia tamashani na kinasa sauti amekificha ndani ya koti, akinasa onyesho zima, halafu akiwatumia mashabiki wenzake kwa posta. Nikakwambia hapa pana jambo. Mtu hakudai kitu, akutumie kitu bahari hadi bahari? Wewe ulinisihi mpaka nikatoa sanduku la posta la duka, kwa jina langu, kwa sharti kwamba kifurushi nitakifungua mimi. Kilipokuja nilikitikisa, nikakinusa. Ndani kulikuwa na kanda mbili na peremende. Peremende nikakupa wewe uanze, nikakutazama muda, ndipo nikala.

Na kweli kulikuwa na sharti, kama nilivyokwambia. Wanasa kanda wana ada yao: ukipewa onyesho, nawe urudishe onyesho ambalo mwenzio hana. Malindi tungelitoa wapi onyesho la roki? Nilisema basi, umenaswa. Wewe ukaazima kinasa sauti cha hotelini ukaenda zako Ganze, kukawa na matanga kwa jirani, na mama yako ndiye aliyekuwa akiongoza mwanzele, ile nyimbo na ngoma ya msiba ya Wagiriama. Ukamnasa hawe Kadzo, yaani bibi yake Sidi, usiku na mchana, na mbuzi akilia, na watu wakikohoa. Ukaipeleka kanda Italia. Nilikwambia yule ataitupa.

Unakumbuka na kile kifo cha mpiga ngoma? Jukwaa zima lilisema amekufa ajalini. Watu wakaandika mashairi, wakaweka mishumaa ya picha, nawe ulilia pale pembeni mpaka wateja wakaniuliza umefiwa na nani. Mimi nikauliza swali moja tu: nani ameiona maiti? Hakuna. Kila mtu amesikia kwa mwenzake. Ukaliandika swali langu vile vile kwa Kiitaliano, na baadaye mpiga ngoma akaonekana anakula chakula mahali, mzima kabisa. Kumbe shabiki mmoja aliitunga habari ile akiwa na uchungu wa kufukuzwa jukwaani. Kuanzia hapo wakaifanya kanuni. Shabiki akisemwa amekufa, au mwanamuziki, haaminiki mpaka apatikane mtu aliyemwona. Waliiita kanuni ya Ganze. Ilikuwa yangu mimi, lakini sikudai.

Miaka ikaenda. Simu zikaingia, jukwaa likahamwa. Sidi wako anajua mbwa wa mwimbaji anaitwaje na mwimbaji amekula nini asubuhi, lakini albamu nzima hajaisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikimwambia hunijibu kwamba mambo ya kusubiri yamepitwa. Kule jukwaani walibaki wazee wachache, wanaamkiana na kutajiana maradhi, kama wanaume wanaoendelea kukaa baraza ya duka lililofungwa. Nawe ulikuwamo.

Basi ulipokufa, mimi ndiye niliyeingia kwa neno lako la siri nikatangaza. Niliandika kwa Kiitaliano changu cha dukani: Ganze amefariki, amezikwa kwao. Nikangoja rambirambi. Unajua walinijibu nini? Wa kwanza aliandika, "Nani amemwona?" Wa pili akataka picha ya kaburi. Wa tatu akauliza mimi ni nani, na neno la siri la Ganze nimelipata wapi.

Nilizima mashine. Kwa hasira nikawatukana peke yangu kwa Kibajuni mpaka nikaishiwa na matusi. Kanuni yangu mwenyewe, wananitupia usoni!

Lakini hasira ile, Kahindi, ilikuwa na kitu chini yake. Kwa sababu walichouliza ni kweli. Mimi sikukuona. Siku ya maziko nilikuja Ganze, nikakaa na wanawake jikoni. Walipoita watu wapite kukuaga uso, nilikuwa nakoroga sufuria ya wali, nikaendelea kukoroga. Ndugu yako Charo alikuja akanitazama akaondoka. Kaburini sikwenda. Nilijiambia moshi umeniumiza macho. Na tangu siku ile kuna kitu ndani yangu kinasema, wewe Mwanaesha, wewe nani alikwambia? Umesikia kwa watu tu. Simu ikilia jioni, saa zako za kutoka kazini, bado naitazama.

Mjomba peke yake hakuuliza. Halafu ndipo ukaja ule ujumbe wake kwamba anakuja.

Nikaweka masharti. Nitakutana naye mimi kwanza, mchana, barazani kwa hoteli mbele za watu. Sidi abaki Ganze kwa Charo, alikokwenda kwa likizo. Na Mjomba alete ile kanda ya mwanzele. Nilijisifu kwa hilo la kanda. Mtu yeyote anaweza kujiita Mjomba, lakini kanda ile iko moja tu duniani.

Sidi alipojua ninamficha, alinipigia simu akanisema vibaya. Alisema nina kijicho, kwamba kila aliyempenda babake mimi namchukia. Akamalizia, "Baba aliwaamini watu asiowaona, na hakuna hata mmoja aliyemdhuru. Wewe unayemwona kila mtu, unamwamini nani?" Nikakata simu. Mteja akaja akaniuliza bei ya kupiga chapa, nikaisahau.

Nikaenda Bofa. Nilimkuta mtu mrefu, mkavu, amevaa kofia ya majani na kifaa cha masikio pande zote mbili. Aliinuka nilipofika, akaniamkia shikamoo, mimi niliye mdogo kwake, nikajua neno hilo umemfundisha wewe na hukumfundisha kulitumia. Nikamuuliza kanda iko wapi. Akasema hana.

Alisema alikuja mkono mtupu kwa sababu kanda ilikatika zamani. Aliisikiliza mpaka ikaisha. Nikasema moyoni, aha. Nimemshika. Nikaufunga mkoba wangu niondoke, na maneno ya kumfukuzia nimeshayapanga, tena kwa sauti ambayo mlinzi wa hotelini angeisikia.

Ndipo aliponiuliza, kwa upole, akiinama ili asikie jibu, "Mama, niambie kweli. Kahindi ni wewe?"

Nilikaa. Mkoba nikauweka mezani.

Akanieleza taratibu. Vifurushi vyote vilikwenda kwenye sanduku la mwanamke aitwaye Mwanaesha. Picha ya Kahindi haikuwahi kutumwa. Ganze alipokufa, aliyeingia kwa neno lake la siri ni mwanamke huyo huyo. Wenzake jukwaani walikwisha kukata shauri: Ganze hakuwahi kuwako, ni mwanamke wa duka la mtandao aliyejichekesha nao miaka yote, sasa amechoka anataka kujiua kwa maneno. Yeye hakukubali, lakini hakuweza kuwapinga. Akauza pikipiki yake akaja aone kwa macho. Kama rafiki yake alikuwa wa kutungwa, alitaka kumjua aliyemtunga.

Wallahi, Kahindi, nilimtazama mtu yule nikaona nimekutana na ndugu. Anashuku vizuri. Ametazama sanduku la posta, ametazama neno la siri, amejumlisha. Ningekuwa mimi ningejumlisha vivyo hivyo. Lakini kumpenda mshuku mwenzako si kumwamini, na mimi kanda sikuiona.

Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Kumpeleka kaburini ni kumpeleka kwa Charo, na kumpeleka kwa Charo ni kumpeleka kwa Sidi. Nikaamua atakwenda, ila gari na dereva nichague mimi, nikae naye nyuma nisimwondoe machoni, na mbele za Sidi asifungue mfuko.

Ganze ilikuwa kavu vile vile. Mahindi yamesimama manjano, na akina mama wanapita na madumu kutoka kule mbali kwenye maji. Tuliposhuka Charo alitoka nyuma ya nyumba, akaitazama kofia ya majani, akaniuliza pembeni kama mzungu huyu amekuja kupima shamba. Nikamwambia ni rafiki wa marehemu. Charo akasema wote huwa marafiki wa marehemu. Nikaona kumbe mimi nina wenzangu wengi.

Sidi alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, sijui kwa nini aliivaa siku ya likizo. Nadhani alitaka kuonekana nadhifu. Hakunisalimu. Nikasimama kati yake na mgeni, sikujificha, nikataka wote wawili waone kwamba nimesimama kati.

Tukaenda kaburini. Kahindi, sijui niseme nini. Limesakafiwa vizuri. Jina lako limeandikwa na mtu mwenye mkono mzito. Mjomba alivua kofia, akachutama, akaiweka mikono miwili juu ya sementi, akakaa hivyo. Halafu akaanza kuimba.

Sauti haikuwa sauti, ya mzee asiyesikia. Lakini aliimba mwanzele wa mama yako. Maneno alikuwa hayajui, aliyashika kwa mlio wake tu, moja baada ya jingine, na pale hawe Kadzo alipokuwa akivuta pumzi naye akavuta pumzi pale pale. Alisita mahali ambapo kwenye kanda mbuzi alilia. Akina mama wa madumu walisimama njiani. Mmoja akayatua madumu yake, akaitikia. Wa pili akaitikia. Charo alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo, "Huyo ni mama. Kampata wapi mama?"

Ikabidi nieleze mbele ya wote, mambo ya kanda na posta na ile ada ya kubadilishana. Nilieleza vibaya, nililia. Charo hakupendezwa hata kidogo. Alisema sauti ya mtu haitolewi nyumbani bila mwenyewe kuulizwa, na wewe hukuuliza. Alikuwa na haki. Mjomba nilipomfasiria alikiri kwamba Charo ana haki, akaomba radhi. Halafu akauliza jambo la ajabu. Aliuliza yule mwimbaji alikuwa akiitwa nani. Miaka yote amemsikiliza pasipo kujua jina wala sura. Yeye na mkewe nao walibishana. Mkewe alisema ni mwanamke mfupi, yeye akasema mrefu.

Sidi ndiye aliyejibu. Alisema aliitwa Kadzo, na alikuwa mfupi.

Mzungu alicheka akilia. Akamuuliza Sidi kama hawe aliacha nyimbo nyingine, kama kuna mtu azijuaye. Sidi akanitazama mimi, si Charo, mimi, kwa mara ya kwanza siku ile. Nikaona anazijua zote, na anataka kuziimba, na anangoja kuona nitafanya nini. Nikasema ataimba akitaka, hapa kwao, Charo akikubali, na hakuna simu itakayonasa wala jina lake kupelekwa jukwaa lolote. Charo akakubali. Mjomba akaizima simu yake mbele yangu akanipa nimshikie. Sidi akaimba mpaka jua likageuka, na wale akina mama wakakaa chini wakimsahihisha.

Nikadhani yamekwisha. Ni wakati wa kurudi, ndani ya gari, ndipo Mjomba aliponiuliza kama ulipata maumivu sana zile wiki za mwanzo, wakati unaanza kukojoa damu.

Nikamuuliza, wiki za mwanzo gani?

Basi akajua hukuniambia, akataka kuyaacha, nikamlazimisha. Kahindi, ulimwandikia yeye tangu msimu wa mvua. Mimi niliyekaa nawe kila jioni ulinificha mpaka ukaanguka jikoni. Mtu wa Italia alijua, mimi wa pembeni yako sikujua! Niliona wivu, naona wivu hata sasa, sitakudanganya. Nikamuuliza ulisema nini juu yangu. Akanifasiria maneno yako polepole: "Nikimwambia Mwanaesha hataamini. Atanitoa hospitali hii anipeleke ile, atagombana na kila daktari. Mimi nataka kukaa naye tu, tusikilize nyimbo."

Nilitazama nje njia yote hadi Kilifi.

Ni kweli. Nisingeamini. Ningekutoa Malindi nikupeleke Mombasa, ningegombana nao mmoja mmoja, ningetaka upimwe tena na tena. Na huenda, Kahindi, huenda daktari mmoja kati ya hao angeona jambo, ukapona. Hilo ulilifikiri? Au ulilifikiri, ukachagua nyimbo? Sijui nikukasirikie au nikushukuru kwa zile jioni. Nafanya yote mawili, kwa zamu.

Mjomba ameondoka jana. Sikumwamini kikamilifu, hilo ujue. Simu yake niliipekua kabla ya kumrudishia. Anwani ya Sidi sikumpa, na akiandika ataniandikia mimi. Aliliafiki hilo bila kununa. Alisema angekuwa na binti, naye angeniweka mimi mlangoni.

Leo asubuhi niliingia jukwaani kwa jina langu mwenyewe, mara ya kwanza. Nikawajibu wazee wale: nimemwona alipolala, Mjomba ni shahidi. Wakaanza kuandika mmoja mmoja. Sijayasoma bado.

Na jana jioni Sidi alinipigia. Alisema kuna mtu anamwandikia kwenye simu, anadai ni mpiga gita wa bendi, na amemwambia asimwambie mtu. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, Kahindi. Maswali yote yalikuwa yameshajipanga ulimini. Nikayameza. Nikamwambia, haya mwanangu, nieleze yote, nakusikiliza. Akanieleza yote, mpaka mwisho, hata yale ya aibu. Alipomaliza ndipo tulipomfungia yule mtu njia, pamoja, simu ikiwa bado hewani, na tukamshtaki kwa wenye mtandao.

Basi ahadi yangu ni hiyo. Nitaendelea kumshuku kila mtu kwa ajili yake, kazi uliyonipa siiachi. Lakini mwanao akiwa na jambo, liwe kubwa namna gani, liwe la maradhi, mimi nitakuwa mtu wa kwanza kuambiwa, si wa mwisho. Hilo uliloninyima wewe, yeye hataninyima.

Lala salama, Kahindi. Kaburi lako nimelishika kwa mkono wangu. Safari hii nimeamini.

Mwanaesha